Albamu Iliyovuliwa Mavazi: Mpenzi wa Let It Be Mbele ya Toleo la Mwaka 2003

Mnamo Novemba 2003 kampuni ya Apple ya mjini London ilitoa santuri yenye jina la Let It Be... Naked. Haikuwa kazi mpya. Ilikuwa ni albamu ambayo kundi la Beatles lilikuwa limekwisha kuitoa tarehe 8 Mei 1970, isipokuwa sasa imefanyiwa kazi upya: ala kadhaa zimeondolewa, mazungumzo yamefutwa, nyimbo mbili zimetupwa na moja imeingizwa, na mpangilio mzima umegeuzwa. Walioitoa waliiarifu dunia kwamba hii ndiyo albamu jinsi ilivyokusudiwa kuwa tangu mwanzo. Wapenzi wa albamu ya kwanza waligawanyika papo hapo, na mgawanyiko huo haujaisha hata leo.

Makala haya yanajaribu kueleza wanachogombania. Tumeona yafaa kuyaleta katika jarida la taaluma za Kiswahili kwa sababu ugomvi huo, chini ya kelele zake, ni ugomvi wa matini: ni ipi iliyo asili, nani ana haki ya kuihariri, na mhariri anayedai kwamba hakuongeza kitu bali amesafisha tu, je, amesema kweli? Sisi tunaoandika nyimbo, hadithi na kumbukumbu zilizotoka kinywani mwa watu tunakutana na maswali hayo kila siku, mara nyingi bila kuyatambua. Msomaji ajue pia kwamba anayeandika si hakimu asiye na upande. Aliisikiliza albamu ya 1970 tangu ujanani katika kaseti iliyorudufiwa mara kadhaa, hata akawa anajua ni wapi mtu anakohoa na ni wapi mtu anacheka.

Neno naked lenyewe linamtaka mfasiri afanye uamuzi. Kiswahili kinampa “uchi” na kinampa “tupu”. Aliye uchi amevuliwa nguo, naye amebaki mwili wake mzima. Kilicho kitupu kinaweza kuwa hakina nguo, tena kinaweza kuwa hakina kitu ndani. Waliotoa santuri hiyo walikusudia maana ya kwanza. Baadhi ya wasikilizaji walisikia ya pili.

Kazi iliyoachwa njiani

Beatles, yaani John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, walikuwa wamezoea kuzijenga nyimbo zao studioni kwa kubandika sauti juu ya sauti. Mwezi Januari 1969 walikusudia kinyume chake: wapige pamoja kama bendi ya jukwaani, wasiongeze kitu baadaye, na wapiga sinema wawafuate hatua kwa hatua. Walianza tarehe 2 Januari katika studio za sinema za Twickenham. Tarehe 10 Harrison aliondoka kwa hasira, akarudi baada ya siku kadhaa kwa masharti. Kazi ikahamia katika chumba cha chini cha jengo lao la mtaa wa Savile Row, na huko Mmarekani Billy Preston, mpiga kinanda hodari, akajiunga nao tarehe 22. Tarehe 30 walipanda juu ya paa la jengo hilo wakapiga kwa muda wa dakika 42 hivi, mpaka polisi walipoingilia kati. Kesho yake walirudi chini kumalizia nyimbo tatu zisizofaa kupigwa katika upepo wa paani, kwani zilihitaji piano au magitaa yasiyo ya umeme.

Kisha kanda ziliwekwa kando. Fundi Glyn Johns alipewa kazi ya kuzifanya albamu. Alileta mpangilio wake mwaka 1969 na tena mwanzoni mwa 1970, na mara zote mbili ulikataliwa. Katika muda huo wanne hao walikuwa wamekwisha kurekodi na kutoa albamu nyingine, Abbey Road, ya Septemba 1969. Ndiyo maana Let It Be, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa kabla, ilitoka nyuma na kuwa ya mwisho.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye wapenzi wengi hawamtaji bila kukunja uso. Mwezi Machi 1970 kanda zilikabidhiwa Phil Spector, mtayarishaji kutoka Marekani, aliyejulikana kwa mtindo wake wa kurundika ala hadi zikawa kama ukuta mmoja wa sauti. Tarehe 1 Aprili aliita katika studio za Abbey Road okestra kubwa yenye fidla, tarumbeta na kinubi, pamoja na kwaya ya waimbaji 14, akavibandika vyote juu ya nyimbo tatu: The Long and Winding Road, Across the Universe na I Me Mine. McCartney, mtunzi wa wimbo wa kwanza kati ya hizo, hakushirikishwa. Alipousikia aliandika barua kuomba ala zipunguzwe na kinubi kiondolewe. Hakuna kilichobadilishwa. Na alipowashtaki wenzake katika mahakama ya London tarehe 31 Desemba 1970 ili ushirika wao uvunjwe, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu alizozitoa. Lennon, kwa upande wake, alimtetea Spector: alipewa kanda ambazo hakuna aliyezitaka, akazifanya kuwa kitu.

Basi tunaona kwamba albamu ya 1970, ile ambayo mpenzi anailinda kama asili, ilikuwa yenyewe toleo lililofanyiwa kazi upya, tena kinyume na kiapo cha Januari 1969. Wimbo Let It Be ulikuwa umekwisha kutolewa peke yake tarehe 6 Machi 1970, ukiwa na pambo la gitaa lililo tofauti na lile la kwenye albamu, ingawa waimbaji na siku ya kurekodi ni walewale na ileile. Msikilizaji wa mwaka huo aliyenunua santuri ndogo na ile kubwa alikuwa na matini mbili za wimbo mmoja nyumbani kwake, na hakuna aliyemwambia ni ipi ya kweli.

Mafundi walifanya nini hasa

Kabla ya kuwahukumu mafundi watatu wa Abbey Road waliofanya toleo la 2003, Paul Hicks, Guy Massey na Allan Rouse, inafaa tueleze kwa ufupi walikuwa na nini mezani. Kanda za Savile Row zilikuwa na mikondo minane: sauti ya mwimbaji katika mkondo mmoja, besi katika mwingine, ngoma katika mwingine, na kadhalika. Aliye na kanda hiyo anaweza kuunyamazisha mkondo mmoja bila kuugusa mwingine. Zaidi ya hayo, kila wimbo ulipigwa mara nyingi. Kila mara ulipopigwa mbele ya kinasa-sauti tutaita hapa “mpigo”. Mwaka 1970 mtu alikata kanda kwa wembe na kuiunga kwa gundi. Mwaka 2003 kazi hiyo ilifanywa kwa kompyuta, na kiungo hakionekani wala hakisikiki.

Tuchukue The Long and Winding Road, wimbo ambao ndio uliozaa kesi yote. Msikilizaji anayesikia toleo la 2003, piano na sauti na ala chache tu, hudhani anausikia wimbo wa 1970 uliovuliwa fidla. Sivyo. Spector alitumia mpigo wa tarehe 26 Januari 1969. Mafundi wa 2003 walitumia mpigo wa tarehe 31 Januari. Ni siku nyingine, na koo la mwimbaji limeamka tofauti. Katika mpigo wa kwanza, besi inayopigwa na Lennon inakosea mahali kadhaa, na wapo wanaosema kwamba Spector alileta okestra ili kuyafunika makosa hayo. Inawezekana. Lakini mtu anayetaka kweli kuuona mwili uliokuwa chini ya mavazi ya Spector hakuhitaji kungoja 2003, kwa kuwa mpigo wa tarehe 26 bila okestra ulikwisha kutolewa mwaka 1996 katika mkusanyiko wa Anthology 3, makosa na yote. Aliyeletwa mbele yetu mwaka 2003 si yule aliyevuliwa nguo. Ni ndugu yake, ambaye hakuwahi kuvishwa.

Mfano wa pili unazidi huo. Wimbo I've Got a Feeling ulipigwa mara mbili juu ya paa. Albamu ya 1970 ilichukua mpigo mmoja. Toleo la 2003 limeunganisha miwili, likichagua palipo pazuri katika kila mmoja. Vivyo hivyo Don't Let Me Down, ulioachwa nje mwaka 1970 na kuingizwa sasa. Matokeo ni mazuri masikioni, hatukatai. Gitaa linasikika kama limewekwa juu ya meza mbele yako. Ila tunachosikia ni mpigo ambao haukupigwa na mtu yeyote saa yoyote. Kiapo cha Januari 1969 kilikuwa kwamba kisikike kile tu kilichopigwa, na toleo linalodai kukirudisha kiapo hicho limekivunja mahali palepale, juu ya paa.

Na I Me Mine? Harrison na wenzake wawili waliurekodi tarehe 3 Januari 1970 bila Lennon, ukawa wa dakika moja na nusu hivi. Spector aliona ni mfupi mno, akairudia sehemu ya kanda ili ukaribie dakika mbili na nusu, kisha akabandika okestra. Mwaka 2003 fidla ziliondolewa, urefu ukabaki. Waliokuja kufuta kazi ya Spector waliutunza mkasi wake, kwa sababu ulikuwa umefanya kazi nzuri. Sisi hatuoni ubaya wowote katika uamuzi huo, ila tungependa ungetajwa.

Kwa upande mwingine, ni haki kusema palipo na faida, nayo ni kubwa mahali pamoja. Across the Universe haukutoka katika vikao vya Januari 1969 hata kidogo. Lennon aliurekodi Februari 1968. Ulisikika kwanza Desemba 1969 katika santuri ya kuchangisha fedha za kuhifadhi wanyama, ukiwa umeharakishwa na kutiwa milio ya ndege. Spector aliupunguza mwendo na kuufunika kwa kwaya. Toleo la 2003 liliurudisha kwenye mwendo wake wa kawaida, likaacha karibu sauti na gitaa peke yake. Kwa mara ya kwanza msikilizaji anaisikia pumzi ya mwimbaji kabla ya kila mstari. Kama albamu nzima ingefanywa hivyo, mpigo mmoja ulioachwa usimame, tusingekuwa na la kulalamikia.

Maneno kati ya nyimbo

Tulisema kwamba mpenzi wa kaseti anajua ni wapi mtu anakohoa. Hilo si jambo la mzaha. Albamu ya 1970 imejaa maneno yanayosemwa kati ya wimbo na wimbo: dhihaka, majina ya kubuni, shukrani kwa wasikilizaji baada ya mpigo wa mwisho juu ya paa. Imo pia vipande viwili ambavyo si nyimbo kamili. Dig It ni sehemu isiyofika dakika moja iliyokatwa kutoka katika mchezo mrefu wa kubuni papo hapo. Maggie Mae ni wimbo wa zamani wa mitaani Liverpool, unaoimbwa kwa sekunde arobaini hivi kisha ukaachwa. Vyote hivi havimo katika toleo la 2003. Mazungumzo yamewekwa katika santuri ya pili iliyofungwa pamoja na ya kwanza, yenye dakika 22 hivi za vijisauti na vijineno, kama vile mtu anavyoweka maganda katika sahani ya pembeni.

Ukimwuliza mpenzi wa albamu ya kwanza ni nini hasa kinachomuudhi, mara nyingi hatakutajia fidla. Wengi wao hawakuzipenda fidla hizo hata siku moja. Atakutajia maneno hayo. Albamu ya 1970 haikuwa mkusanyiko wa nyimbo tu. Ilikuwa kumbukumbu ya watu wanne waliokuwa wakifanya kazi pamoja kwa shida, na mzaha kati ya nyimbo ulikuwa ushahidi kwamba bado wanaweza kuchekeshana. One After 909 waliutunga Lennon na McCartney walipokuwa vijana, miaka ya 1950. Wanapoupiga juu ya paa Januari 1969, halafu Lennon akaongeza mzaha mwishoni, msikilizaji anasikia urafiki wa zaidi ya miaka kumi katika sekunde chache. Ukiukata mzaha, unabaki wimbo wa haraka wa kuchezea dansi, mzuri, wa kawaida.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wataitambua hali hii. Waliokusanya hadithi za watu wetu katika karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ya ishirini walizoea kuviacha vianzio, viitikio vya wasikilizaji, maswali ya watoto yaliyomkatiza msimulizi, na majibu yake kwao. Waliona hivyo si hadithi, ni kelele zilizoizunguka. Kilichobaki kwenye karatasi ni kisa kinachokwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, jinsi ambavyo hakuna bibi aliyewahi kukisimulia. Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales cha mwaka 1960, alieleza kwamba katika ushairi simulizi hakuna asili moja ambayo nyingine ni nakala zake. Kila uimbaji ni asili yake wenyewe. Anayeunganisha uimbaji wa aina mbili ili apate mmoja ulio bora haupati ulio asili zaidi. Anapata wa tatu, ulio wake yeye mhariri.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Mtunzi mwenyewe ndiye aliyetaka. McCartney alilalamika tangu Aprili 1970. Kwa miaka 33 dunia iliusikia wimbo wake ukiwa umevaa nguo asizozichagua. Je, mpenzi aliyeizoea kaseti yake ana haki gani mbele ya mtunzi? Tungejibu kwamba ana haki ndogo, kama mtunzi angekuwa mmoja. Lakini albamu ilikuwa ya wanne. Kufikia 2003 wawili walikuwa wamefariki, Lennon mwaka 1980 na Harrison mwaka 2001. Harrison alikuwa ameipa kazi hiyo baraka zake kabla ya kifo chake. Lennon hakuulizwa, naye ndiye aliyemtetea Spector. Kusema kwamba toleo la 2003 ndilo lililokusudiwa ni kusema “walikusudia” pale ambapo mmoja alikusudia hivi na mwingine vile.

Mfano wa Lubumbashi

Inawezekana kuihariri matini ngumu bila kuificha ile iliyotangulia, na mfano mmojawapo mzuri umetoka hapa kwetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kumbukumbu ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Iliandikwa kwa Kiswahili cha mji huu, ikapigwa taipu na mtu asiyefuata tahajia ya shule. Maneno yameunganishwa pasipopaswa na kutenganishwa pasipopaswa, vituo vinakosekana, na sentensi moja inaweza kumchosha msomaji mzoefu. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, alikuwa na njia rahisi mbele yake: kuisafisha, kuipa Kiswahili cha vitabuni, na kuitangaza kuwa ndiyo aliyoikusudia Yav. Hakufanya hivyo. Alitoa nakala ya kurasa zenyewe jinsi zilivyopigwa taipu. Kando yake akaweka matini iliyopatikana Kalundi Mango alipozisoma kurasa hizo kwa sauti, kwa maana mwenye kusema Kiswahili cha Lubumbashi akizisoma kwa mdomo, yale yaliyokuwa giza machoni yanafunguka masikioni. Kisha tafsiri na maelezo.

Tazama tofauti. Usomaji wa Kalundi Mango ni matini iliyofanyiwa kazi upya, na pengine kwa wengi wetu ndiyo inayosomeka. Lakini haikuchukua nafasi ya ile ya kwanza, na msomaji anaweza kuhesabu kila mahali zinapoachana. Katika Let It Be... Naked kazi iliyofanywa si mbaya kuliko hiyo; mafundi wale walikuwa stadi. Kinachokosekana ni kile ambacho Fabian alikiona kuwa ni wajibu, yaani kumwambia msikilizaji waziwazi: hapa nimeunga mipigo miwili, hapa nimebadilisha siku, hapa nimemfuata Spector.

Kwa upande wa Beatles, lazima tukiri kwamba ugomvi umepoa. Mwaka 2021 ilitolewa albamu ya 1970 iliyochanganywa upya na Giles Martin, fidla za Spector zikiwa mahali pake, na katika kasha hilohilo ukatolewa rasmi mpangilio wa Glyn Johns uliokataliwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mwaka huohuo Peter Jackson alitoa filamu ya karibu saa nane iliyotokana na picha za Januari 1969, ambamo mazungumzo yaliyofutwa mwaka 2003 yanasikika kwa wingi kupita kiasi. Filamu ya kwanza ya mwaka 1970 ilirudi mwaka 2024. Anayependa fidla anazo, na anayezichukia anayo santuri yake. Mpenzi anaweza kununa, lakini hawezi kusema kwamba amenyang'anywa kitu.

Huo ndio utajiri ambao sisi hatunao. Tumfikirie Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga Masanga kwa kidole gumba na cha shahada, na santuri hiyo ikasafiri Afrika nzima na kuvuka bahari. Mwaka 1988 Mwenda aliingia studioni huko Cape Town akazipiga upya nyimbo zake, na albamu iliyotokana na kazi hiyo ilitolewa mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake. Hapa pia tuna kazi inayopendwa na toleo lake la baadaye, na hapa pia wapo wanaosema ya pili siyo yenyewe. Tofauti ni kwamba aliyeibadilisha ni mwenyewe, kwa vidole vyake, kama alivyokuwa akiibadilisha sikuzote. David Rycroft aliyezichunguza santuri zake mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliyaita mapigo hayo ubunifu wa papo kwa papo tangu kwenye jina la makala yake. Anayemlaumu Mwenda wa 1988 kwa kutofanana na Mwenda wa 1952 anamlaumu kwa kuwa hakujigeuza santuri.

Lakini ni nani kati yetu anayeweza kuweka matoleo hayo mawili kando kwa kando na kuyasikiliza? Rekodi za Tracey ziko katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini. Ile ya 1988 ilitolewa Marekani. Mwanafunzi wetu huletewa Masanga katika simu, imetoka kwa rafiki aliyeipata kwa rafiki, haina mwaka, haina mahali, na mara nyingine haina hata jina la mpigaji. Anaiandika, anaichambua, anaiweka katika tasnifu yake kama “wimbo wa Mwenda”. Upi? Jopo halimwulizi, kwa kuwa nalo halijui kwamba kuna swali.

Tungependekeza jambo dogo kwa wenzetu wanaosimamia tasnifu za nyimbo katika idara zetu. Kila matini ya wimbo iliyoandikwa kutoka katika sauti ianze na mistari minne: imerekodiwa lini, wapi, imesikilizwa katika nakala gani, na kama inajulikana kwamba mtu ameikata au kuiunga, ni nani. Pasipojulikana, iandikwe kwamba haijulikani. Na mwenye santuri za zamani nyumbani, za mizunguko 78 au 45, akileta nakala kwenye maktaba, fundi anayezihamishia kwenye kompyuta ahifadhi kwanza sauti jinsi inavyotoka chini ya sindano, mikwaruzo ikiwemo, kisha ndipo afanye nakala ya pili ya kusafisha.